Ukoga Ukishaganda

Pitisha ulimi nyuma ya meno yako ya mbele ya chini, pale jino linapoingia kwenye ufizi. Ukihisi meno moja moja, kila moja na upenyo wake, mambo si mabaya. Ukihisi ukuta mmoja wa kukwaruza, kana kwamba fundi amepita akaziba nafasi zote kwa saruji, huo ni ukoga. Nao haukukaa hapo ovyo. Chini ya ulimi ndipo vinapofungukia vijia vya tezi za mate, na mate yamebeba kalisi na fosfeti. Mahali pengine unapopenda ni upande wa nje wa magego ya juu, kwa sababu kijia cha tezi ya shavuni hufungukia mkabala na gego la pili. Daktari wa meno akitaka kujua mtu ana ukoga kiasi gani, huanza kwa kuangalia sehemu hizo mbili.

Mate yenyewe hayana kosa. Madini hayo hayo ndiyo yanayokarabati jino kila linapoliwa kidogo na asidi ya vyakula vitamu. Tatizo ni yanapokuta utando. Utando ni bakteria waliojipanga juu ya jino na kushikamana kwa ute wao wenyewe. Huanza kujengeka saa chache tu baada ya mtu kupiga mswaki, na ukilikwaruza jino kwa ukucha asubuhi unatoka mweupe na mlaini. Ukiachwa palepale, madini ya mate huanza kuingia ndani yake, kwa wengine katika siku za mwanzo kabisa, na baada ya wiki mbili hivi sehemu kubwa yake inaweza kuwa imeshageuka jiwe. Watu hawalingani. Wako ambao ukoga huwagandia haraka, na wako wanaokaa miezi bila ukoga wa kutajika ingawa wanapiga mswaki vilevile, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko katika mate yao.

Swali linaloulizwa zaidi, barazani na kwenye simu, ni dawa gani ya nyumbani itautoa. Ndimu hutajwa, siki hutajwa, soda ya kuoka, mkaa uliosagwa, majivu, chumvi. Kabla ya kuzichambua moja moja, litazame jambo lenyewe: ukoga ni chumvi za kalisi na fosfeti, na jino nalo ni chumvi za kalisi na fosfeti. Ngozi ngumu ya jino huanza kuyeyuka kipimo cha asidi, yaani pH, kinaposhuka chini ya 5.5 hivi, na maji ya ndimu yako karibu na 2. Kwa hiyo asidi yenye nguvu ya kuumaliza ukoga haitauliza ukoga unaishia wapi na jino linaanzia wapi. Mtu anayesugua ndimu kila asubuhi anaweza kweli kuona meno yaking'aa kwa siku chache, maana ameondoa rangi pamoja na tabaka la juu la jino. Miezi michache baadaye maji baridi yanamchoma, na ukoga bado uko nyuma ya meno ya chini ambako kidole chake hakikufika.

Soda ya kuoka si asidi. Haiyeyushi ukoga hata kidogo. Inachofanya ni kusaidia kuondoa utando mlaini na madoa ya chai. Mkaa na majivu hukwangua, na hukwangua kila kitu, pamoja na shina la jino lililo wazi pale ufizi uliporudi nyuma. Maji ya chumvi yenye uvuguvugu hutuliza ufizi uliovimba, basi. Zipo dawa za meno zinazotangazwa kuwa za kuzuia ukoga, zenye pairofosfeti au zinki, na tangazo lao si uongo mtupu: hupunguza kasi ya ukoga mpya kuganda juu ya ufizi. Ule uliokwisha kuganda haziugusi. Na dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, ambayo wengi hununua kwa mwenye duka la dawa fizi zinapouma, hupunguza bakteria kweli, lakini ikitumika kwa wiki nyingi hutia meno rangi ya kahawia na hata kuongeza ukoga. Mgonjwa hurudi dukani kulalamika kwamba meno yamechafuka, akauziwa chupa nyingine.

Ukishaganda, ukoga hutoka kwa chuma tu, kikiwa mikononi mwa mtu aliyesomea kazi hiyo. Jambo hili ni la kale. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia miaka elfu moja iliyopita, alichora katika kitabu chake seti ya vyuma vya kukwangulia meno, vya maumbo mbalimbali kwa sababu jino lina pande nyingi, na mtu akitazama michoro ile na kisha trei ya daktari wa leo ataona ni ndugu. Ugumu huo huo umewafaa watafiti wa historia. Ukoga hunasa vitu ukiganda na kuvihifadhi maelfu ya miaka. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba wamekuta protini za maziwa katika ukoga wa wafugaji waliozikwa Lukenya Hill, si mbali na Nairobi, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Wafugaji wale hawakuacha maandishi, lakini walichokunywa kilibaki kwenye meno yao.

Wafugaji wa leo ndio wanaotuleta Kipsongo. Ni mtaa wa mabanda pembeni mwa Kitale, katika kaunti ya Trans Nzoia, na wengi wa wakazi wake ni Waturkana waliofukuzwa nyumbani na ukame na uvamizi wa wezi wa mifugo. Wamezungukwa na nchi yenye neema: mahindi ya Trans Nzoia upande huu, mashamba ya miwa ya Bungoma upande ule. Wao hupata vibarua, huokota vyuma chakavu, hupika busaa na chang'aa. Ukiwaza kuhusu meno katika mtaa kama huu, ushauri wa kawaida wa magazeti, kwamba umwone daktari kila baada ya miezi 6, unasikika kama mzaha. Kliniki za kibinafsi mjini hutoza maelfu ya shilingi kwa kusafisha meno mara moja. Mswaki wa bei ya chini dukani haufiki shilingi 100. Ni lazima uchambuzi wowote uanzie kwenye pengo hilo.

Waturkana hawakuja Kitale bila elimu ya meno. Kule chini walikotoka, kando ya mito ya msimu, unaota mti wanaouita esekon, ule ule ambao watu wa Pwani na Waislamu kote ulimwenguni hukatia mswaki wa mti. Kijiti hukatwa kibichi, ganda huondolewa kwenye ncha, kisha hutafunwa mpaka nyuzi ziachane na kuwa brashi. Mtu anaweza kutembea nacho mdomoni asubuhi nzima akichunga. Shirika la Afya Duniani limewahi kuuhimiza katika nchi ambako umezoeleka, na tafiti zilizoulinganisha na mswaki wa dukani zimeona kwamba ukitumiwa vizuri husafisha sawasawa, hasa upande wa nje wa meno ya mbele. Udhaifu wake uko upande wa ndani. Kijiti kimenyooka, mkono unakipeleka kwa kukingama, na nyuma ya meno ya mbele ya chini, palepale ukoga unapoanzia, nyuzi hazifiki isipokuwa mtu akivunje au akikate nyuzi kwa pembe. Wazee wachache hujua kufanya hivyo. (Waturkana walikuwa pia na desturi ya kung'oa meno mawili ya mbele ya chini, ambayo sasa inafifia. Desturi hiyo ilikuwa na sababu zake, ukoga haukuwa mojawapo, lakini si siri kwamba ilipunguza sehemu moja ya kuganda.)

Kitale iko juu, karibu mita 1,900, na mti wa esekon ni wa nchi ya joto. Aliyehamia Kipsongo aliuacha nyuma. Watoto waliozaliwa mtaani hawakurithi kijiti, na wengi hawakupewa mswaki wa dukani badala yake. Walichopata ni sukari, miwa na gundi ya kunusa. Kuna imani iliyoenea Bungoma na Kitale kwamba kutafuna muwa husafisha meno. Nyuzi za muwa hupangusa upande wa kutafunia kidogo, kweli, lakini maji yake ni chakula cha bakteria wanaotoboa meno. Kinywa chenye asidi nyingi huelekea kutoboka, na kinywa chenye madini mengi kwenye mate huelekea kugandisha ukoga. Ndiyo maana utakuta mzee mwenye ukoga wa kutisha na hana hata jino moja lenye tundu, akicheka mbele ya kijana mwenye meno meupe yaliyooza ndani.

Iwapo pesa ni shilingi 100 na maji ni ya mtungi wa kununua, kazi inaweza kufanyika? Inaweza, na watu wengi hawaambiwi hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la ITDG, ambalo sasa ni Practical Action, lilipanga huduma pamoja na wakazi katika Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa, na maji na vyoo vilikuwa mbele. Suala la maji halijaisha katika mitaa ya aina hii, lakini kupiga mswaki hakuhitaji zaidi ya kikombe. Kinachoondoa utando ni nyuzi za mswaki. Dawa ya meno huleta floridi, inayokinga jino lisitoboke, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Asiyekuwa nayo wiki hii atumie maji matupu. Ukoga hautajua tofauti. Aliye nayo ateme povu asisukutue kwa maji mengi, floridi ibaki kwenye meno, na maji yanabaki kwenye mtungi.

Mswaki uwe laini. Mgumu hukwaruza ufizi na hausafishi zaidi, ingawa duka la mtaani mara nyingi huwa na mgumu tu, na ukiwa ndio ulioko basi punguza nguvu za mkono. Nyuzi zielekee kwenye ufizi kwa mshazari, zitikiswe pole pole palepale jino linapokutana na nyama, jino hadi jino. Kwa nyuma ya meno ya mbele ya chini, usiulaze mswaki: usimamishe, utumie ncha, uvute kutoka ufizini kwenda juu. Sekunde 20 hapo zina thamani kubwa kuliko dakika nzima ya kusugua upande wa nje unaoonekana ukicheka. Ufizi ukitoka damu, wengi huacha kugusa sehemu hiyo wakidhani wameijeruhi. Hapo ndipo pa kuendelea, maana damu ni dalili ya utando uliolala pale, na kwa kawaida hukoma baada ya wiki moja au mbili za kupiga mswaki vizuri. Uzi wa kusafisha kati ya meno unafaa kwa aliyeupata.

Kwamba utando laini ndio adui, na si ukoga kwa nafsi yake, kulithibitishwa kwa jaribio dogo lililobadilisha taaluma nzima. Mwaka 1965, huko Aarhus nchini Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kupiga mswaki. Kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba na kutoka damu. Walipoanza tena, fizi zikapona kwa muda wa kama wiki. Ukoga hauanzishi ugonjwa huo. Hufanya kazi ya kuuhifadhi. Uso wake una mashimo madogo ambamo utando mpya hukaa bila kufikiwa na mswaki, na unaposhuka chini ya ufizi hugeuka mweusi kwa rangi ya damu, ukiwa umefichika kabisa. Huo wa chini ndio wa kuogopa.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa huduma za kusafisha meno hawapendi kulisema. Löe huyo huyo alianza mwaka 1970 kuwafuatilia wanaume 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, ambao hawakuwa na mswaki wala daktari wa meno, na wote walikuwa na ukoga tele. Baada ya miaka 15, karibu asilimia 8 walikuwa wakipoteza mfupa unaoshika meno kwa kasi, asilimia 81 polepole, na asilimia 11 hawakuvuka uvimbe wa fizi. Uchunguzi uliofanywa Machakos na kutangazwa miaka ya 1980 ulikuta picha inayofanana: ukoga na fizi zinazotoka damu kila mahali, lakini uharibifu mkubwa ukiwa umejikusanya kwa wachache. Nchini Uingereza, utafiti wa watu wazima 1,877 uliotangazwa mwaka 2018 uliona kwamba kwa wasio na ugonjwa mkali wa fizi, kukwanguliwa kila miezi 6 au kila mwaka hakukuwapa fizi bora kuliko za wale ambao hawakukwanguliwa kwa miaka 3. Meno ya waliokwanguliwa yalikuwa na ukoga pungufu kidogo, basi.

Kwa hiyo mtu wa Kipsongo asiyeweza kulipia kusafishwa hajahukumiwa kuwa kibogoyo. Wala asiye na fedha asiambiwe kwamba mswaki wake ni bure hadi aende kliniki. Utafiti wa taifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa karibu watu wazima wote waliochunguzwa Kenya. Kama kila mmoja angetakiwa kukaa kwenye kiti cha daktari mara mbili kwa mwaka, nchi haina viti hivyo, na pengine haivihitaji.

Utafiti ule ule uligusa jambo jingine linaloleta mkanganyiko Kitale. Watoto wapatao wanne katika kila kumi walikuwa na meno yaliyobadilika rangi kwa floridi nyingi katika maji. Rangi hiyo ya kahawia imo ndani ya jino lenyewe, limeumbwa nayo kabla halijatoka, na haina uhusiano na usafi. Maji ya Ziwa Turkana yana floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiona kuwa kikomo, na visima vingi vya Bonde la Ufa viko hivyo hivyo. Aliyekulia huko akahamia Kipsongo anaweza kusugua meno kwa majivu hadi fizi zichubuke, huku majirani wakimwona mchafu. Njia ya kutofautisha ni rahisi: madoa ya floridi huwa yamesambaa juu ya uso wa jino kwa pande zote mbili za kinywa na ni laini ukipitisha ukucha, ukoga hukaa kando ya ufizi na hukwaruza. Tumbaku ya kutafuna nayo huweka rangi yake. Na ya kuvuta ina hila mbaya zaidi: hupunguza damu kutoka kwenye fizi, mvutaji akajiona mzima wakati mfupa unaliwa.

Anayekwenda kusafishwa ajue yatakayompata, kwa sababu maneno ya mtaani yamewafukuza wengi. Mashine hutikisa ncha yake zaidi ya mara 25,000 kwa sekunde huku ikirusha maji. Hulia kwa sauti nyembamba inayoingia kwenye fuvu, na ukoga hupasuka vipande. Umeme ukikatika, kuna kikwangulio cha mkono chenye ncha ya mundu: daktari anakiingiza chini ya ukingo wa ukoga, anavuta kwenda juu, na kipande cha rangi ya njano iliyofifia kinaruka kwenye trei. Ulimi unakwenda kuchungulia na kukuta upenyo usiokuwapo miaka mingi. Hapo ndipo malalamiko huanza: wamenilegeza meno, wamenitoboa. Ukweli ni kwamba upenyo ulikuwepo ukafichwa, na jino lililokuwa limefungwa na ukoga kwa jirani yake sasa linasimama kwa mfupa wake lenyewe, uwe mwingi au mchache. Baridi huchoma siku kadhaa, kisha hupungua. Anayejikwangua nyumbani kwa sindano, wembe, au vile vyuma vinavyouzwa mtandaoni hupasua ufizi na kusukuma ukoga chini zaidi. Tena nyuma ya jino haoni anachofanya.

Lililo baya katika mfumo wetu ni kwamba maskini hukutana na huduma ya meno mwishoni tu. Kambi za matibabu ya bure zikipita mitaani, foleni ndefu ni ya kung'oa. Hakuna ubaya kumwondolea mtu maumivu, lakini daktari aliyetumia siku nzima kung'oa meno 60 hakupata nafasi ya kumwonyesha hata mtu mmoja jinsi ya kusimamisha mswaki. Kenya ina kada inayoweza kuziba pengo hili: maafisa wa afya ya kinywa wa jamii, wanaofunzwa katika chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, ambao husafisha meno, hung'oa na kufundisha. Kaunti ndizo zinazoajiri tangu ugatuzi wa 2013, na kada hii si ya kwanza katika bajeti zao. Zaidi ya hapo, mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba wakipima shinikizo la damu na sukari. Mhudumu anayempima mtu sukari tayari ameketi mbele ya mgonjwa anayepaswa kuulizwa habari za fizi, kwa sababu kisukari huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zikitibiwa sukari nayo hushuka kwa kiasi fulani.

Kama viti vya daktari ni vichache, wagonjwa wapangwe kwa haja. Kijana wa miaka 20 mwenye ukoga kidogo nyuma ya meno ya chini apewe mswaki na maelekezo, aendelee na shughuli zake. Mama mwenye kisukari ambaye jino limeanza kutikisika, mvutaji wa sigara ambaye fizi zimerudi nyuma, mtu mwenye usaha kati ya meno: hawa wapelekwe hospitali ya kaunti, Kitale au Bungoma, wakwanguliwe hadi chini ya ufizi, na warudi kila baada ya miezi 3 hivi, kwa sababu kwao utando hurudi mahali ambapo mswaki haufiki.